Namna ya Kuitikia Mwaliko wa Wakodava: Mwongozo kwa Mgeni wa Kodagu

Wanafunzi wa Afrika Mashariki wanaosoma katika vyuo vya Mysuru na Bengaluru, kusini mwa India, aghalabu hawakosi mwenzao darasani anayetoka Kodagu, wilaya ya milimani katika jimbo la Karnataka ambayo Waingereza waliiita Coorg. Akiwa Mkodava, yaani wa jamii ya wenyeji wa wilaya hiyo, siku moja atawaalika kwao kwa sikukuu ya mpunga mpya, au atawaambia kwamba dada yake anaolewa na kwamba hataki kusikia udhuru. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya anayepata mwaliko wa namna hiyo. Watalii wanaokwenda kutazama maporomoko ya maji na tembo wa Dubare huhudumiwa vya kutosha na mahoteli. Anayekusudiwa hapa ni mgeni atakayevua viatu mlangoni mwa nyumba ya watu, akaketi miongoni mwa wazee, akaletewa sahani.

Shauri langu kuu nalitanguliza: jifunze kwanza nyumba, ndipo ujifunze sherehe. Kwa Wakodava, jina la mtu, shamba lake, silaha yake, ndoa yake na mazishi yake vyote hupitia katika ukoo, na ukoo una nyumba moja inayojulikana. Mgeni anayelielewa hilo hufasiri mwenyewe mambo mengi atakayoyaona, hata yale ambayo hakuna aliyepata nafasi ya kumweleza.

Ujue ukoo kabla ya kufunga safari

Ukoo huitwa okka, nao hufuata upande wa baba. Wote waliomo humtaja babu mmoja wa asili, karanava, ambaye humheshimu karibu na miungu, na jina la okka hutangulia jina la mtu. Jemadari Kodandera Madappa Cariappa, ambaye tarehe 15 Januari 1949 alikuwa Mhindi wa kwanza kuliongoza jeshi la nchi kavu la India, alikuwa wa ukoo wa Kodandera. Na Jenerali Thimayya, aliyekuwa mkuu wa jeshi hilo kuanzia 1957 hadi 1961 na kufariki Cyprus mwaka 1965 akiongoza kikosi cha Umoja wa Mataifa, alikuwa wa ukoo huo huo. Katika vyeti vya shule jina la okka mara nyingi hufupishwa likabaki herufi moja tu, kwa hiyo mwanafunzi anaweza kukaa na mwenzake muda mrefu asijue ukoo wake. Muulize herufi ile inasimamia nini. Ni swali dogo ambalo litamfurahisha, na ukifika kwao wazee watakapokuuliza umekuja na nani utajibu kwa jina la okka, nao watakuweka mahali pako mara moja.

Nyumba ya ukoo huitwa ainmane. Si lazima iwe ndiyo nyumba anamolala rafiki yako, kwa maana siku hizi familia nyingi huishi katika nyumba zao kwenye mashamba ya kahawa, au Madikeri, mji mkuu wa wilaya, au Bengaluru, na katika ainmane hubaki familia moja tu ya kuitunza, hata pengine asibaki mtu. Siku ya sikukuu, hata hivyo, wote hurudi. Muulize mwenyeji waziwazi kama unaalikwa nyumbani kwao au katika ainmane, kwa kuwa maandalizi hayalingani: nyumbani kwao utakuwa mgeni wa familia, na katika ainmane utakuwa mgeni wa ukoo mzima, ukikabiliwa na jamaa wengi usiowafahamu.

Ainmane za zamani hujengwa mahali palipoinuka, zikitazama mashamba ya mpunga bondeni, nazo hufikiwa kwa kijia chembamba kati ya kingo za udongo. Mbele pana baraza yenye nguzo za mbao zilizochongwa, ambapo wazee huketi. Ndani pana ukumbi wa katikati wenye taa ya mafuta inayoning'inia. Taa hiyo ndiyo moyo wa nyumba. Huwashwa jioni, na mbele yake watu husimama kuomba, maharusi hubarikiwa na migogoro ya ukoo husuluhishwa. Nje, karibu na nyumba, pana kijumba kidogo kiitwacho kaimada, ambacho ni mahali pa mababu. Usikiingie wala usikipige picha bila kuruhusiwa, hata kama watoto wa nyumbani wanacheza kando yake.

Uchague majira

Sikukuu kubwa ni tatu, na kila moja humtaka mgeni wa aina yake. Kailpoldh huadhimishwa mwanzoni mwa Septemba, baada ya kazi ya kupandikiza mpunga kumalizika. Ni siku ya silaha: bunduki na visu husafishwa, hukusanywa katika chumba cha sala, hupambwa kwa maua mekundu na ya manjano yanayoota porini majira hayo, kisha hupakwa msandali na kuombewa. Baadaye vijana hushindana kulenga nazi iliyo juu ya mti. Sikukuu hii ni changamfu, lakini huangukia katika msimu wa mvua ambao huanza Juni, na mvua ya Kodagu, iliyomo katika safu ya milima ya Ghats Magharibi, si ya kuichezea: barabara humomonyoka, na ruba hujaa vichakani. Anayekwenda Septemba na achukue viatu vya kufunga na asipange kurudi siku ile ile.

Ya pili ni Kaveri Sankramana, katikati ya Oktoba, kwa kawaida tarehe 17. Mto Kaveri, ambao Wakodava humwita mama na mungu wao, huanzia Talakaveri katika kilima cha Brahmagiri, na katika saa iliyopigiwa hesabu na wanajimu maji huaminiwa kufoka katika kidimbwi kidogo cha chemchemi. Maelfu ya watu husongamana hapo, wengi wao wakitaka kujaza chupa ya maji hayo. Mgeni asiye na mwenyeji wa kumwongoza nisingemshauri aende Talakaveri saa hiyo. Ni afadhali akae nyumbani na kushuhudia ibada ya alfajiri inayofuata, ambapo wanawake huweka tango au nazi iliyofungwa kitambaa chekundu cha hariri na kupambwa kwa maua na mapambo ya dhahabu, ikimwakilisha mungu huyo, na watu wa nyumba huja mmoja mmoja kuinamia. Chakula cha siku hiyo hakina nyama.

Ya tatu ni Puthari, sikukuu ya mpunga mpya, mwishoni mwa Novemba au mwanzoni mwa Desemba, karibu na mwezi mpevu. Ukiwa na nafasi ya kwenda mara moja tu, nenda Puthari. Mvua imekwisha, usiku ni wa baridi, mpunga umeiva, na mambo yote ya ukoo huonekana kwa usiku mmoja. Tarehe hubadilika kila mwaka, na saa hutangazwa kutoka hekalu la Igguthappa huko Padi, karibu na Kakkabe: saa ya kufunga majani, saa ya kukata masuke, saa ya kula. Usikate tiketi kabla mwenyeji hajathibitisha.

Kuhusu safari yenyewe hakuna mengi. Reli haiingii Kodagu. Mabasi ya serikali ya jimbo hutoka Mysuru, umbali wa kilomita zipatazo 120 hadi Madikeri, na Bengaluru, ambako ni kama kilomita 250. Mgeni mwenye pasipoti ya kigeni akumbuke kwamba sheria ya India humtaka mwenye nyumba, hata kama si hoteli, kuwaarifu wahusika wa uhamiaji ndani ya saa 24. Mpelekee mwenyeji wako nakala za pasipoti na viza kabla hujafika, ili asikimbizane na karatasi siku ya sikukuu.

Mavazi na zawadi

Wanaume wa Kikodava huvaa kupya, koti jeusi refu linalofika magotini, lenye mikono mifupi, juu ya shati jeupe. Kiunoni hufungwa mshipi wa hariri nyekundu wenye nakshi za dhahabu, na mbele huchomekwa jambia dogo la fedha liitwalo peeche kathi. Nyuma, katika kishikizo cha chuma, huweza kuchomekwa odi kathi, kisu kipana cha vita. Wanawake huvaa sari ambayo mikunjo yake hupangwa nyuma badala ya mbele; simulizi husema kwamba Kaveri alipogeuka mto na kutiririka kwa nguvu, maji yalisukuma mikunjo ya nguo za wanawake waliojaribu kumzuia.

Mgeni hahitajiki kuvaa hivyo, na kupya ya kukodi kwa ajili ya picha hunikera kama ambavyo huwakera wengi wa wenyeji. Kupya ni vazi la heshima la ukoo: nyeusi ni ya shughuli, nyeupe ni ya bwana arusi, na nyeupe pia huvikwa maiti. Vaa nguo zako safi za kwenu zinazositiri. Kanzu na kofia, au gauni la kitenge, hupokelewa vizuri. Mwanamke akipewa sari na mama wa nyumba avae, na amwachie mama mwenyewe ampange mikunjo.

Zawadi iwe ndogo. Wakodava wengi ni wakulima wa kahawa, na wilaya yao hutoa karibu theluthi moja ya kahawa yote ya India, ikikuzwa chini ya kivuli cha miti mikubwa ambayo mashina yake hupandwa mipilipili manga. Kwa hiyo pakiti ya kahawa ya Kilimanjaro au Kagera, iliyokwisha kukaangwa ili isizuiwe na ukaguzi wa mimea uwanja wa ndege, itazua mazungumzo kuliko zawadi yoyote ya duka la Bengaluru. Hasa ile ya Kagera, kwa kuwa robusta, aina ya kahawa inayolimwa Kagera, wanayo na watataka kulinganisha.

Kuingia na kusalimia

Vua viatu kabla ya kupanda barazani. Ukiletewa maji ya kunawa miguu, nawa bila kuharakisha. Kisha wasalimie wazee kwa kufuata umri: kijana wa Kikodava huinama akagusa miguu ya mzee mara tatu, kila mara akirudisha mkono kwenye paji la uso wake mwenyewe, na mzee humtamkia baraka ya maisha marefu. Mgeni hatalazimishwa kufanya hivyo. Mwislamu au Mkristo anayeona kwamba kuinama namna hiyo kunagusa imani yake aweke mkono kifuani na kuinamisha kichwa kidogo, itaeleweka. Jambo lisilosameheka kirahisi ni kumruka mzee aliyeketi kimya pembeni ukamwendea kijana anayezungumza Kiingereza vizuri. Mkuu wa ukoo anaweza kuwa ndiye yule aliyekaa kimya.

Ndani ya ukumbi usiipe taa mgongo unapoketi chini, na usipitishe viatu mbele yake. Hakuna kuhani wa nyumbani atakayekuelekeza, kwa maana katika mila hizi nyingi kazi ya kubariki ni ya wazee wenyewe.

Usiku wa Puthari

Jioni jamaa hukusanyika katika ainmane. Kwanza hufungwa majani ya miti mbalimbali iliyowekwa na mila katika vifungu vidogo mbele ya taa. Inapokaribia saa iliyotangazwa, msafara hutoka kuelekea shambani: mmoja amebeba taa, mwingine kikapu, mwingine mundu, na wapiga ngoma hufuata. Nafasi yako ni nyuma ya wazee na mbele ya watoto. Tembea juu ya tuta la shamba, usikanyage mpunga, na uzime tochi ya simu pale taa ya mafuta inapotosha kuona njia.

Wakifika shambani, bunduki hupigwa hewani, na aliyeteuliwa hukata masuke ya kwanza kwa idadi ya witiri. Wote hupaza sauti, "Poli, poli, Deva!", wakimwomba Mungu azidishe mavuno. Mgeni naye na aitikie. Maneno ni mepesi, na kunyamaza katikati ya watu wanaoitikia huonekana kama kujitenga. Ajiandae pia kwa mlio wa bunduki, kwa kuwa huja karibu na bila onyo, na mtu aliyetoka katika nchi iliyopitia vita asione haya kumwambia mwenyeji mapema asimame mbali kidogo.

Miganda hurudishwa nyumbani kwa shangwe na fataki, kisha masuke machache hufungwa pamoja na yale majani katika taa, nguzo, milango na kisima. Usiguse yaliyofungwa: hubaki hapo kama baraka ya nyumba. Punje za mpunga mpya hutiwa katika uji mtamu wa maziwa na sukari guru ambao kila mtu huonja. Pia kuna thambuttu, ndizi zilizoiva zikapondwa na unga wa mchele uliokaangwa na kutiwa iliki, halafu zikaliwa na nazi iliyokunwa, ufuta na samli. Na kuna viazi vikuu vilivyochemshwa ambavyo huliwa kwa asali. Mtu wa pwani yetu atavijua vyote isipokuwa mpangilio wake.

Siku zinazofuata wanaume hukutana katika mand, uwanja wa kijiji uliotengwa kwa shughuli hiyo tangu zamani, wakacheza kolaat, ngoma ya fimbo, wakizunguka na kugonganisha fimbo kwa mapigo. Wanawake wana ngoma yao ya mduara, ummathaat. Nyimbo huongozwa na waimbaji wanne wenye dudi, kingoma kidogo kilichobana katikati, nao huweza kuimba historia ya ukoo au ya mwenyeji papo hapo. Nyimbo nyingi za namna hiyo zilikusanywa na Nadikerianda Chinnappa katika Pattole Palame, kitabu kilichochapishwa mwaka 1924, na Kikodava, ambacho ni cha familia ya lugha za Kidravidi, huandikwa zaidi kwa herufi za Kikannada. Usiingie katika mduara mpaka uitwe. Ukiitwa, ingia.

Mezani

Hapa ndipo wageni wetu wengi huona taabu, na ni vema kusema wazi. Kitoweo cha fahari cha Wakodava ni nguruwe. Hupikwa pamoja na mafuta na ngozi yake, kwa viungo vya giligilani, bizari nyembamba na pilipili manga vilivyokaangwa mpaka vikakaribia kuwa vyeusi, na mwishoni hutiwa kachampuli, siki nzito nyeusi inayotengenezwa kwa kuchuja maji ya tunda chachu la msituni na kuyachemsha hadi yagande. Huliwa na kadambuttu: mchele uliovunjwa huchemshwa kwa maji na chumvi mpaka ukashikana, hufinyangwa madonge ungali moto kwa mikono iliyolowa, kisha madonge hupikwa kwa mvuke. Pombe nayo hupatikana katika shughuli nyingi, na hata mababu katika kaimada huwekewa nyama na kinywaji. Ng'ombe, kwa upande mwingine, haliwi kabisa. Usisimulie karamu za nyama ya ng'ombe za kwenu.

Asiyekula nguruwe amwambie mwenyeji siku kadhaa kabla, na asingoje mpaka sahani imepakuliwa. Hakuna atakayeudhika. Kodagu ina Waislamu wa miaka mingi, wakiwemo wanaojitambulisha kwa majina ya koo za Kikodava, na majirani wamezoea. Kuku, mchicha, uyoga wa msimu, mchuzi wa machipukizi ya mianzi, mikate ya mchele iitwayo akki otti na tambi za mchele ziitwazo noolputtu vitatosha kumshibisha yeyote, lakini anayefuata sharti la uchinjaji aulize pia kuku amechinjwa na nani, au ajitosheleze na mboga. Anayefuata sharti hilo kwa makini aulize vilevile kuhusu sufuria na miko. Kukataa pombe ni rahisi zaidi: funika bilauri kwa kiganja, tabasamu, omba kahawa. Usitoe hotuba.

Ukialikwa mwanzoni mwa Agosti, unaweza kupewa kitu cha rangi ya zambarau iliyokolea kinachofanana na uji uliogandishwa. Hicho hutokana na majani ya mmea wa msituni uitwao maddu toppu, ambao huaminiwa kuwa na dawa nyingi katika siku ya kumi na nane ya mwezi wa Kakkada. Kula ukipenda, na usishtuke baadaye ukienda msalani: hubadilisha rangi ya mkojo.

Arusi

Arusi ya Kikodava humshangaza anayetarajia kuhani na moto kama katika arusi nyingine za Wahindu. Hapa hakuna. Bibi arusi huvaa hariri nyekundu, bwana arusi kupya nyeupe na kilemba, nao huketi kwenye vigoda vya miguu mitatu mbele ya taa. Jamaa huja mmoja baada ya mwingine, mama akitangulia: humrushia kila mmoja wa maharusi punje za mchele magotini, mabegani na kichwani, humnywesha maziwa kidogo kutoka chombo cha shaba chenye mdomo, humpa baraka na sarafu au fedha ya zawadi. Mgeni atakaribishwa kufanya vivyo hivyo. Panga foleni, tazama aliyekutangulia, tumia mkono wa kulia, na uwe na noti safi mfukoni. Huo ndio wakati wa kutoa zawadi yako.

Kabla ya hapo utaona upande wa bwana arusi ukifika na kupokewa kwa migomba iliyosimikwa ardhini. Mtu wa heshima aliyechaguliwa huikata kwa odi kathi, kila mgomba kwa pigo moja, na umati hucheka sana kisu kikikwama. Simama mbali na upande anaoelekeza kisu.

Sehemu ninayoiona nzito kuliko zote huweza kumpita mgeni kwa kuwa haina kelele. Kila upande una mshenga wake, aruva, mtu wa familia rafiki anayezungumza kwa niaba ya ukoo. Washenga wawili husimama wakiulizana na kujibizana kwa maneno yaliyopangwa, na mshenga wa bibi arusi hukabidhi vijiwe kumi na kimoja kati ya kumi na viwili, vinavyowakilisha haki anazopata katika ukoo wa mume. Kimoja hubaki, kama alama ya kwamba kwao hakujafungwa. Katika kumbi za kisasa, muziki wa kombu, ambalo ni baragumu kubwa lililopinda, na ngoma hufanya watu wasisikie; sogea karibu na umwombe mtu akutafsirie.

Usiku huja ibada ya kisima. Bibi arusi huvunja nazi, huweka tambuu na popoo, hujaza mitungi na kuibeba kichwani kuelekea nyumbani kwa mume, huku jamaa za bwana arusi wakicheza mbele yake na kumzibia njia. Huendelea kwa saa nyingi, naye husimama na maji yake akisubiri. Mgeni hufanya makosa akidhani ni mchezo tu na kuwasaidia wachezaji kumchosha. Cheza pembeni, kwa kiasi, na uchunge wakati jamaa wa kike wanapoanza kuomba njia ifunguliwe.

Bunduki, na mambo ya kutosema

Wakodava, pamoja na wamiliki wa ardhi ya jamma (ardhi iliyotolewa zamani kwa ajili ya utumishi wa kijeshi) katika wilaya hiyo, wamesamehewa leseni ya baadhi ya silaha chini ya sheria ya silaha ya India. Msamaha huo ni wa tangu enzi ya Waingereza, na mwaka 2019 serikali iliuongeza hadi 2029. Wewe humo katika msamaha huo. Usiishike bunduki kwa ajili ya picha, hata ukikabidhiwa kwa ukarimu, kwa sababu mwanafunzi wa kigeni anayeonekana na silaha mtandaoni atajieleza mbele ya polisi asiyejua habari za sikukuu. Kwa mila, mlio mmoja hutangaza kuzaliwa kwa mtoto wa kiume, na miwili inayofuatana hutangaza kifo. Ukisikia miwili ukiwa kijijini, punguza sauti ya muziki na umsubiri mwenyeji aseme. Kwenye msiba watu huvaa nyeupe.

Kuna mazungumzo ambayo mgeni mwerevu hayaanzishi. La kwanza ni asili yao. Zipo nadharia zinazowaunganisha na askari wa Iskandari, nyingine na Waarabu kwa sababu ya umbo la kupya. Hakuna iliyothibitishwa, na wenyewe wana maoni yanayopingana. La pili ni Tipu Sultan, mtawala wa Mysore wa karne ya 18. Mwanafunzi wa Mysuru bila shaka ametembezwa Srirangapatna, uliokuwa mji mkuu wake, akasimuliwa jinsi Tipu alivyopigana na Waingereza mpaka akauawa mwaka 1799, na huenda amemhusudu. Kodagu humkumbuka kwa uvamizi wa miaka ya 1780 na kwa watu waliochukuliwa mateka, na maadhimisho yake ya mwaka 2015 yalizua vurugu Madikeri ambamo watu walipoteza maisha. Sikiliza ukisimuliwa, usihukumu. La tatu ni madai ya mamlaka ya ndani. Coorg ilikuwa na ufalme wake mpaka Waingereza walipouondoa mwaka 1834, na baada ya uhuru ilikuwa jimbo peke yake hadi ilipounganishwa na jimbo la Mysore, Karnataka ya leo, mwaka 1956, na wapo ambao jambo hilo halijawatoka moyoni.

Badala yake uliza kuhusu mpira wa magongo. Tangu 1997 koo hushindana kila mwaka, kwa kawaida Aprili na Mei, katika mashindano yaliyoanzishwa na Pandanda Kuttappa, afisa wa benki aliyetaka kuzikutanisha familia. Timu ni za okka, si za vijiji. Baba, binti na mjukuu huweza kucheza upande mmoja, na miaka ya karibuni koo zaidi ya 300 hujiandikisha. Ukoo mmoja huandaa kila mwaka na kombe hubeba jina lake. Mgeni akifika majira hayo aketi upande wa okka iliyomwalika na aishangilie hiyo tu.

Ukitembezwa mashambani, utaona sehemu za msitu mnene zilizoachwa katikati ya kahawa. Hizo ni devarakadu, misitu ya miungu, na Kodagu ina zaidi ya elfu moja. Usikate tawi, usiokote uyoga, usiingie ukiwa na viatu iwapo mwenyeji amevua vyake.

Siku ya kuondoka waage wazee kwa utaratibu ule ule wa kuwasalimia, mkubwa kwanza. Utapewa vitu: pilipili manga, asali, machungwa, pengine chupa ya kachampuli. Pokea kwa mikono miwili. Kachampuli huvuja na madoa yake hayatoki, kwa hiyo ifunge ndani ya mifuko miwili ya plastiki, uisimamishe katikati ya nguo zisizo na thamani, na kama unapanda ndege, iweke katika mzigo wa chini.